Karantini ya Jemadari

Simu ilimkuta Daktari Nyakio mkono wake wa kulia umezama ndani ya ng'ombe hadi kwapani. Ilikuwa asubuhi ya baridi ya Julai, mwaka 2007, katika boma la jirani yao kule Mutuini, na ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni. Thuo, mumewe, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kushika mkia, ndiye aliyeichomoa simu kwenye koti la mkewe na kumbandika sikioni.

"Wewe ndiye daktari ya wanyama?" iliuliza sauti ya mzee. "Mimi naitwa Rasiklal. Nakaa Woodley, hapa nyuma ya Adams Arcade. Niko na mgonjwa, tafadhali."

"Ana nini, mzee?"

"Mguu ilivimba. Halafu ikapasuka. Unga nyeupe inatoka kwa nyufa. Jana mguu ikakatika."

"Alianguka?"

"Hapana! Alikuwa amesimama tu."

Nyakio aliacha kuvuta. Katika kazi yake yote hakuwahi kusikia mguu unaokatika wenyewe. "Anakula?" aliuliza.

"Hajawahi kula."

"Tangu lini?"

"Tangu nimpate. Tisini sabini na nane." Mzee alikohoa. "Samahani, nimechanganyikiwa. Elfu moja mia tisa sabini na nane."

Nyakio alidhani ni mtandao unaomkatia maneno. "Ana urefu gani?"

"Kama futi moja."

"Ni ndege?"

"Anaweza kuruka," mzee akasema kwa tahadhari, "lakini mimi sijawahi kumruhusu."

Kasuku, Nyakio aliamua. Kasuku mzee, asiyelishwa vizuri, mifupa imekuwa chaki. Alimwambia atakuja. Ndama naye akatoka muda huohuo, akapiga chafya, akaanza kutetemeka kwenye majani.

Wakati mwingine wowote angempuuza mzee wa namna ile mpaka kesho yake. Lakini huo ulikuwa ni mwaka wa homa ya Bonde la Ufa. Miezi michache tu nyuma, nusu ya Nairobi ilikuwa imeacha nyama ya ng'ombe ikahamia kwa kuku na maharagwe, na wenye bucha wa Mutuini walikuwa wamekaa kwenye milango ya maduka yao wakikodolea macho barabara. Wateja ndio kwanza walikuwa wameanza kurudi. Daktari aliyesikia habari ya ugonjwa wa kuvunja miguu akanyamaza, hao wenye bucha wangemla yeye mwenyewe. Basi Nyakio akanawa, akavaa buti safi, akashika njia ya Ngong Road na pikapu yake.

Nyumba ilikuwa moja ya zile za zamani za halmashauri, za mawe, zenye ua wa michongoma. Nje ya geti lilisimama jitu refu lenye kilemba cha buluu, limevaa glavu za mpira na kujifunga leso puani.

"Wewe daktari?" jitu liliuliza. "Mimi Hardeep, mwenyekiti wa klabu. Siingii mpaka wewe useme kama inaambukiza. Mimi niko na wengi nyumbani."

"Wengi gani, kasuku?"

Hardeep alimtazama kana kwamba amemtukana mama yake.

Manjula, mke wa Rasiklal, alikuja kufungua. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sari ya zambarau na sweta ya kijivu juu yake, na macho ya mtu aliyekesha. Alimpeleka Nyakio sebuleni. Juu ya meza ya chakula, kwenye taulo nyeupe, chini ya taa, mgonjwa alikuwa amelazwa chali, na mguu wake umewekwa kando yake kwenye kisosi.

Alikuwa ni roboti. Roboti ya chuma ya kuchezea, ya Kijapani, kifua chekundu, kichwa chenye pembe mbili za dhahabu, ngumi moja kubwa ya buluu iliyoelekezwa mbele kama anayetaka kuomba kura. Rasiklal, mzee mwembamba mwenye miwani minene, alikuwa amekaa kando yake akimpepea na gazeti.

"Anaitwa Jemadari," alisema. "Mimi nilimpa hiyo jina."

Nyakio aliweka mkoba chini polepole. Alifikiria petroli aliyochoma, na yule ndama ambaye hakumwona hata akisimama. "Mzee," alisema, "mimi ni daktari wa mifugo."

"Najua. Daktari ya watu alinifukuza."

"Hiki ni kichezeo."

"Hakijawahi kuchezewa!" Rasiklal alisema kwa mshtuko. "Hata siku moja. Mtoto wangu Viraj alilia wiki nzima akiwa miaka saba, mimi sikumpa. Ngumi inarushwa na springi, unaona hii kifungo? Springi haijafyatuliwa tangu kiwandani. Ndiyo maana ni kitu ya maana."

Nyakio alikuwa ameshaokota mkoba aliposhikwa kiwiko. Manjula alimvuta hadi jikoni, akamkalisha kwenye stuli, akampa chai ya tangawizi na sahani ya chevda, ule mchanganyiko mkavu wa karanga na viungo.

"Mwanangu, usikasirike," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mzee aliuza miwani mjini miaka arobaini. Hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna wanawake. Ni hawa watu wa chuma tu. Viraj alienda Uingereza, hapigi simu sana. Sasa huyu mmoja amekatika mguu, na Hardeep anasema atafukuzwa kwa klabu kama wote hawatachomwa. Hajalala. Mimi pia sijalala, maana anakuja kuniamsha kuniambia hajalala. Wewe mwangalie tu. Sema kitu chochote ya udaktari."

Chai ilikuwa nzuri. Na Nyakio, ambaye wafugaji wote wa Dagoretti walimwogopa kwa ukali wake, hakuwahi kuweza kumkatalia mwanamke mwenye umri wa mama yake. Alirudi sebuleni, akavaa glavu, akainama.

Kwanza alishangazwa na uzito. Alipoinua kile kiwiliwili kilimjaa mkononi kama jiwe la kusagia, na baridi yake ikampanda hadi kiwikoni.

"Umesikia?" Rasiklal aliuliza, macho yanang'aa. "Plastiki ukiishika, mkono haijui kama imeshika kitu. Chuma inakujibu. Hii ni zinki, wanayeyusha, wanasukuma ndani ya kalibu kwa nguvu, inatoka mtu mzima na kucha zake."

"Na ugonjwa umetoka wapi?"

"Kiwandani. Siku hiyo madini ya risasi kidogo iliingia kwa chungu ya zinki. Pengine mtu aliangusha tu kipande, akaenda kula. Hauoni kitu miaka kumi, ishirini. Halafu inaanza kuvimba kutoka ndani, inapasuka, inakuwa unga."

"Kumbe alizaliwa nao," alisema Nyakio, na hapo hapo akajikuta akitumia sauti ileile anayoitumia kwa wenye ng'ombe. "Basi hauambukizi. Huo ni wa kuzaliwa."

"Anasema nini?" Hardeep alipiga kelele kutoka ng'ambo ya michongoma.

"Anasema hauambukizi!" Rasiklal alimjibu.

"Amepima? Na hao wengine wa kiwanda ile ile? Rasikbhai, bila karantini ya serikali, Jumapili usije maonyesho!"

Rasiklal alimgeukia Nyakio. Manjula naye alisimama mlangoni na birika, akimtazama. Ndipo Nyakio akafanya lile jambo ambalo baadaye alishindwa kabisa kumweleza mumewe. Nyuma ya pikapu alikuwa na bango la bati, la manjano, lililoandikwa kwa herufi nyekundu: KARANTINI. UGONJWA WA WANYAMA. USIINGIZE WALA KUTOA. Chini yake kulikuwa na jina lake, neno Mutuini, na namba yake ya simu. Alilichukua akalitundika getini kwa waya. Hardeep alilisoma mara mbili, akavua leso, akampa mkono ndani ya glavu.

"Hiyo ndiyo kazi," alisema.

Jemadari akapelekwa kwenye chumba cha Viraj, peke yake, dirisha wazi. Nyakio akaenda zake akiwa na mfuko wa chevda, na kwa sababu isiyoeleweka alijisikia vizuri.

Kesho yake simu zilianza. Klabu ilikuwa na watu wengi kuliko alivyodhani, kila mmoja na roboti wake, gari lake dogo la chuma, ndege yake ya vita. Mmoja alitaka kujua kama vumbi la nyumbani ni hatari. Mwingine aliuliza kama apake vaselini. Kufikia adhuhuri Nyakio alikuwa kwenye zizi la nguruwe, nguruwe kumi na tatu wanapiga kelele ya kupasua mbingu, na simu ikalia tena.

"Nimeona karantini yako hapa Woodley," ilisema sauti nzito ya mwanamume. "Huo ugonjwa ukoje?"

"Kama nilivyowaambia wenzako," Nyakio alijibu kwa uchovu. "Miguu inavimba halafu inakatika yenyewe. Hapana, dawa hakuna. Ndiyo, wote waliotoka mahali pamoja naye wanaweza kuwa nao, na hauonekani mpaka miaka ipite. Sasa tafadhali, niko kazini."

Akakata.

Huyo hakuwa mtu wa klabu. Alikuwa ni Bwana Makau, afisa wa mifugo, aliyekuwa akipita kwenda kula chakula cha mchana Adams Arcade, na ambaye tabia yake ilikuwa kudhani kila mtu anaijua sauti yake. Makau alikuwa mtu makini. Wakati wa ile homa alilaumiwa na wakubwa kwa kuchelewa, na aliapa hatachelewa tena maishani. Alisimama mbele ya lile bango la manjano akapiga hesabu. Woodley hakuna ng'ombe. Mgonjwa basi lazima ametoka pengine. Daktari anatoka Mutuini. Kwa hiyo ugonjwa unatoka Mutuini.

Alisahau njaa.

Asubuhi iliyofuata Thuo alirudi kutoka dukani bila maziwa. "Barabara imefungwa," alisema. "Kuna polisi na magogo. Wanasema ng'ombe haingii wala haitoki, na mbuzi, na kuku. Kuna ugonjwa mpya unakata miguu. Wewe hujasikia? Wanasema ni wewe umeutangaza."

Nyakio aliweka kikombe chini. Alikaa hivyo, akitazama ukuta wenye kalenda ya kampuni ya chanjo. Halafu akampigia Makau.

Alieleza kila kitu: roboti, zinki, Manjula, chai. Makau alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Usirudie hayo kwa simu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, na baada ya muda gari lake lilikuwa limesimama kwenye uwanja wao, naye amekaa kwenye kochi la Thuo akiizungusha kofia mapajani.

"Daktari, nimeshawaambia wakubwa," alisema. "Wakubwa wameshawaambia wakubwa wao. Nikisema leo kwamba nilifunga Mutuini nzima kwa sababu ya mwanasesere, mimi nitakwenda kuhesabu ngamia mpaka nistaafu."

"Kwani unataka nifanye nini? Hakuna mnyama!"

"Hapo ndipo tunapishana. Karantini haiondolewi kwa kusema hakuna mnyama. Inaondolewa kwa njia mbili tu. Mnyama apone, au mnyama afe, na daktari ashuhudie." Alimtazama kwa macho ya kuomba. "Kwa hiyo lazima awe mnyama. Mimi nimeangalia sheria yote kabla ya kuja hapa. Hakuna mahali imeandikwa lazima awe na damu."

"Hawezi kupona," Nyakio alisema.

"Basi," alisema Makau, na hakumaliza.

Wenye bucha hawakungoja. Walikwenda kwa chifu wote pamoja, aproni zao nyeupe zikiwa safi kwa kukosa kazi, na chifu akaitisha baraza kwenye ukumbi wa kambi yake. Nyakio aliposimama kueleza, alisema ukweli wote, maana hakuwa na kitu kingine cha kusema. Ukumbi ulimsikiliza. Halafu Mwaura, mwenyekiti wa wenye bucha, mtu mnene wa sauti ya upole, akainuka.

"Daktari, sisi tunakuheshimu," alisema. "Mwaka jana ulikataa mzoga wangu mbele ya wateja na mimi nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa sawa. Lakini leo unatuambia barabara imefungwa na mdoli. Umelipwa na nani? Hawa watu wa kuku?"

"Kuku!" watu waliitikia kwa uchungu.

"Kama yupo huyo mdoli, aletwe tumwone."

Nyakio alitoka nje akapiga simu Woodley. Alitarajia Rasiklal akatae. Mzee aliuliza, "Kuna watu wangapi?"

"Wengi, mzee. Ukumbi umejaa."

"Na wote wanataka kumwona Jemadari?"

"Wote."

"Nakuja," alisema Rasiklal, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

Alifika na Manjula kwa gari lao la zamani, Jemadari akiwa amelazwa kwenye beseni la mtoto lililotandikwa taulo. Polisi wa kizuizini walikuwa na amri ya kutoruhusu mnyama kuingia Mutuini, wakasumbuana nao sana hapo, mpaka Makau alipokwenda mwenyewe kuamua kwamba mgonjwa anarudi alikotoka. Hardeep alifuata nyuma na gari lake mwenyewe, vioo vimefungwa.

Beseni liliwekwa kwenye meza ya chifu. Watu walisogea. Mwaura aliinama, akanusa kwa mazoea, akaunyanyua ule mguu uliokatika kutoka kwenye kisosi. Mkono wake ukashuka kidogo kwa uzito, na nyusi zake zikapanda.

"Hii si mchezo," alisema. "Hii ina kilo."

"Ni zinki," alisema Rasiklal.

"Nilidhani ni ile mali ya plastiki." Aliusugua ule unga mweupe kwa kidole gumba. "Na amekuwa hivi muda mrefu?"

"Mimi niliona Machi. Lakini alizaliwa nayo."

"Pole sana, mzee," alisema Mwaura, na alimaanisha.

Makau alipanda jukwaani akaeleza habari ya sheria: apone au afe. Alisema neno mnyama mara nyingi, kwa sauti kubwa, na kila aliposema watu walitazama beseni na kutikisa vichwa, kwanza kwa kucheka, kisha bila kucheka. Walikuwa na friji zilizokaa tupu na watoto wa kupeleka shule. Kama ilibidi awe mnyama, basi na awe mnyama. Mwanamke mmoja nyuma aliuliza kama ana chanjo.

"Basi afe," mtu alisema. "Kuna nyundo hapa?"

"Hapana!" Rasiklal aliruka akalikumbatia beseni. Miwani yake ilikaa upande. "Mtu asimguse! Nimemtunza miaka yote hii, hata mtoto wangu sikumpa, leo nimpe mtu ya nyundo?"

Nyakio alisogea akasimama kati yake na wale watu, buti zake zimejaa matope, asijue anamlinda nani. Alijisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yake. Hata hivyo hakuondoka.

Mwaura alisogea mezani. "Mzee," aliuliza taratibu, "huyu akiwa mzima, anafanya kazi gani?"

"Anarusha ngumi."

"Anairusha kwa nani?"

Rasiklal aliinyoosha miwani yake. "Kwa adui," alisema.

"Hebu arushe tuone."

Nyakio alimwona mzee akikitazama kile kifungo kidogo mgongoni mwa Jemadari. Alikitazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyohamishwa zamani. Manjula alikuwa amemkazia macho, mkoba umebanwa kifuani, akawa anapumua kwa mdomo.

"Viraj angefurahi," Rasiklal alisema, si kwa mtu yeyote.

Akambeba Jemadari wima kwa mkono wa kushoto, akaelekeza ukutani, akabonyeza.

Springi iliyokaa imebanwa kwa karibu miaka thelathini ilifyatuka kwa mlio kama wa mtego wa panya. Ngumi ya buluu ilivuka ukumbi mzima, ikamgonga Bwana Makau katikati ya paji la uso, ikadunda, ikazama kwenye kikombe cha chai cha chifu.

Halafu Makau mwenyewe, mkono kwenye paji la uso, alitoa sauti ya ajabu puani. Alikuwa anacheka. Chifu akacheka. Wenye bucha, ambao hawakuwa na cha kuchekea tangu Januari, walicheka hadi wengine wakashikilia nguzo, na Manjula alikaa chini kwenye sakafu na sari yake yote akicheka kwa machozi.

"Na mimi!" alisema Mwaura. "Mzee, na mimi mara moja tu!"

Nyakio alitegemea mzee akatae. Badala yake Rasiklal aliivua ngumi kwenye chai, akaifuta na shati lake, akaisukuma mahali pake mpaka ikalia *kach*. "Shika hapa chini," alisema. "Si kwa kichwa. Lenga kwanza. Sasa bonyeza."

Mwaura alibonyeza. Bega la pili la Jemadari likamegeka kama mkate mkavu, na watu wakaguta, wakamtazama mzee.

"Haidhuru," alisema Rasiklal. Mashavu yake yalikuwa mekundu. "Bado anarusha. Nani anafuata?"

Walipanga foleni. Wenye bucha, mama wa chanjo, polisi wawili walioacha magogo yao, chifu kwa heshima yake akapewa zamu mbili. Kila aliyerusha alimega kitu: paja, pembe ya dhahabu, bamba la kifua lililofunguka na kuonyesha ndani kijivu chenye nyufa kama tope la kiangazi. Rasiklal alikuwa kila mahali, akielekeza viwiko, akiokota ngumi chini ya viti, akipiga kelele, "Juu kidogo! Juu!" Hata Hardeep aliingia. Alisimama mlangoni na leso yake puani, akatazama kwa muda mrefu, uso umemwiva kwa hasira au kwa kitu kingine, na mwishowe akavua glavu moja.

"Rasikbhai," alisema. "Mimi pia."

Ni Hardeep aliyerusha ya mwisho. Springi ikachomoka pamoja na ngumi, na kile kilichobaki mkononi mwake kikapukutika kati ya vidole vyake, kikawa unga na vipande juu ya viatu vyake vilivyong'arishwa.

Hapo ndipo watu walipokumbuka walichokuja kufanya. Makau alivaa kofia. "Daktari," alisema rasmi, "tafadhali."

Nyakio angeweza kulisema tu lile neno. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umemtazama, na wanaume walikuwa wamevua kofia, kwa hiyo alitoa chombo chake cha kusikilizia moyo, akapiga magoti, akakiweka juu ya kipande cha kifua chekundu. Alisikiliza. Hakukuwa na kitu, kama ilivyopasa, ila alichelewa kukiondoa pale.

"Amekufa," alisema.

"Amekufa!" Makau alitangaza, na wenye bucha wakatoka mbio kwenda kusukuma magogo pembeni.

Sheria ilitaka mzoga uzikwe kwa kina, na chokaa juu yake. Thuo alichimba shimo mwisho wa shamba lao, karibu na nyasi za ng'ombe, bila kuuliza maswali, isipokuwa moja kuhusu kina. Rasiklal alimwaga beseni mwenyewe. Hardeep alileta maua ya manjano aliyoyachuma kwenye ua wa chifu, akayaangusha shimoni na kwenda kusimama mbali, akijipangusa kilemba kisichokuwa na vumbi. Ngumi tu haikuzikwa. Ilikutwa ni ya plastiki, haina ugonjwa, na Manjula aliitia kwenye mkoba wake kabla mtu hajaijadili.

Alasiri Mwaura alileta mbavu za mbuzi kuonyesha kwamba hana kinyongo. Kina Rasiklal hawali nyama, kwa hiyo Nyakio aliwapakulia mukimo wa viazi na mahindi, na sukuma wiki, wakala wote pamoja kwenye uwanja, kwenye jua dhaifu la Julai, huku malori ya ng'ombe yakipita barabarani yakipiga honi. Thuo alikaa karibu na mzee. Alikuwa na swali siku nzima, Nyakio aliliona likimsumbua.

"Mzee," Thuo aliuliza mwishowe, "hawa watu wa chuma. Hawatengenezi ng'ombe?"

Rasiklal aliweka kijiko chini akafikiri kwa makini kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu zake.

"Ng'ombe sijaona," alisema. "Trekta iko. Kuna moja ya mwaka sitini na mbili, nzito, gurudumu zote zinazunguka. Kesho nakuletea uiangalie."

"Niiangalie tu?"

Mzee alimtazama Manjula. Manjula aliendelea kula.

"Ukitaka kuiendesha kwa tope," alisema Rasiklal taratibu, kana kwamba kila neno lilikuwa na bei, "utaiosha baadaye."